Nukta Mbili za Rahma

Jirani yangu alitaka kibao cha neno moja tu: Rahma, kwa herufi za Kiarabu, kikae juu ya mlango wa ndani wa nyumba yake ya wageni hapa Mji Mkongwe, Unguja. Akaenda kwa kijana mwenye mashine ya leza, akaambiwa njoo kesho, na kesho yake akalipa, akaja nacho nyumbani kimefungwa kwenye gazeti. Kibao kizuri. Plaiwudi ya milimita 3, vanishi imekolea, kingo zimeungua rangi ya kahawa. Nilipokisoma nikanyamaza. Rahma huishia kwa taa marbuta, na taa marbuta ina nukta mbili kichwani. Nukta hazishikani na herufi. Mashine ikishakata, zinadondoka kama maganda ya karanga. Aliyezirudisha kwa gundi aliiweka moja mahali pake, ya pili akaipandisha juu ya raa. Raa yenye nukta si raa tena, ni zaa. Nyumba ya jirani yangu ilikuwa tayari kuwakaribisha wageni kwa neno zahma, na zahama hakuna Mswahili asiyeijua.

Sikutaka jambo hili liishie kwenye lawama. Mashine hizi zimeingia mitaani, harusi haipiti bila bango la mbao lenye majina ya maharusi, na mafundi wa nakshi ninaowafahamu wanazidi kuzeeka. Nilimwomba mmoja wao, mtu mzima aliyeshika patasi tangu utotoni, tufuatane mimi, yeye na jirani mpaka karakanani kwa kijana. Tulikaa huko tangu baada ya laasiri mpaka magharibi. Majina nimeyaacha, na maneno nimeyafupisha.

MZEE: Mwanangu, chuo umesoma?

KIJANA: Nimesoma, ami, mpaka nikahitimu.

MZEE: Basi nukta unazijua. Imekuwaje hii?

KIJANA: Aliyegandisha ni mdogo wangu, mie nilikuwa nimetoka. Lakini mashine yangu, na kosa langu. Bi, nisamehe. Nakukatia kingine bure, leo hii.

BI: Nimeshakusamehe. Ila nataka kufahamu kwa nini nukta zianguke. Kwenye milango anayochonga mzee huyu haijaanguka hata moja.

Swali lile ndilo lililotuketisha. Fundi wa nakshi hautoboi ubao. Anachimba uwanja unaoizunguka herufi, herufi inabaki imesimama, na ubao wa chini ndio unaozishika zote pamoja, herufi na nukta zake. Leza inayokata hupita mpaka upande wa pili, na kila kilichozungukwa na mkato hutoka. Herufi za Kirumi nazo hazisalimiki. Kata neno KARIBUNI likatoboka moja kwa moja, utaokota chini vipande vinne: kimoja cha tumbo la A, kimoja cha R, viwili vya B. Kijana alituonyesha kibao cha namna hiyo, ameacha vidaraja vyembamba vya kushikilia matumbo yale, kama stensili za kupigia chapa magunia.

MZEE: Na za Kiarabu utazitia daraja?

KIJANA: Wengine huivuta nukta ikagusa herufi.

MZEE: Hapo umeandika herufi ambayo Waarabu hawanayo. Mchoro huu umechora wewe?

KIJANA: Hapana, ami. Niliukuta kwenye intaneti, wa bure.

MZEE: Aliyeuchora alichora kwa wino. Wino unakaa juu ya karatasi, na nukta inakaa juu ya karatasi. Hakuwa na habari kwamba kuna siku utampa moto.

Nimeyasikia mengi juu ya leza na kazi za mikono, lakini sijasikia lililonigusa kama hilo. Tumezoea kugombana kuhusu mashine na mkono, kama kwamba mambo ni hayo mawili. Kipo cha tatu, mchoro, nacho hatukiulizi kimetoka kwa nani na kilifanyiwa chombo gani.

Kijana, kwa haki yake, mashine yake anaijua sana. Alifungua kifuniko akatuonyesha mrija wa kioo wenye urefu unaozidi mkono wangu. Ndani yake mna kaboni dioksidi iliyochanganywa na naitrojeni na heli. Umeme ukipita, unatoka mwale wenye urefu wa wimbi wa maikromita 10.6, ambao jicho haliuoni. Mwale unagonga vioo vitatu, unashuka kwenye lenzi, lenzi inaukusanya uwe doa dogo kuliko ncha ya sindano, na mti ulio chini yake unageuka moshi. Mrija wake ni wa wati 80. Maji yanazunguka kuupoza, na siku za kaskazi, jua la Januari linapochoma, maji yakikaribia nyuzi 30 anazima mashine hata kama mteja amesimama mlangoni, kwa sababu mrija ukichemka haudumu.

MZEE: Unakula kiasi gani?

KIJANA: Nini, ami?

MZEE: Huo moto. Msumeno unakula upana wa meno yake. Moto wako unakula kiasi gani?

KIJANA: Ahaa. Kama sehemu mbili za kumi za milimita kwenye plaiwudi hii. Nikitaka kipande kikae ndani ya tundu bila kucheza, nakichora kikubwa kidogo kufidia.

MZEE: Vyema. Hilo ni neno la fundi.

Tangu hapo sauti zilishuka. Mzee alivuta kigoda akakaa.

Jirani alikuwa na haja ya pili. Alitaka kibao cha nje, cha kuning'inia barazani, na alikuja na kipande cha PVC kilichobaki walipopiga dari. Cheupe, chepesi, hakiozi kwa mvua. Kijana alikikataa kabla hajakishika.

BI: Kwani mashine haikiwezi?

KIJANA: Inakiweza vizuri sana, bi, na ndiyo hatari yake. PVC ina klorini. Ikiungua inatoa gesi ya hidrojeni kloridi, na gesi hiyo ikikutana na unyevu wa hapa kwetu inakuwa asidi. Italiwa reli ya mashine, zitaliwa skrubu, na kifua changu pia. Na mdogo wangu anashinda humu.

BI: Utajuaje kuwa hiki ni PVC? Plastiki zote si nyeupe?

Hakumjibu kwa maneno. Alichukua waya wa shaba akaushika kwa koleo, akautia kwenye moto wa jiko la gesi mpaka ukawaka mwekundu na moto wenyewe ukawa hauna rangi ngeni. Akaugusisha moto moto kwenye plastiki ya jirani. Ikashika kidogo, ikatoa harufu kali. Akaurudisha waya motoni. Moto ukageuka kijani, kijani ya jani la mgomba, kwa muda wa pumzi mbili tatu, kisha ukarudi kawaida. Akachukua kipande cha akriliki, akausafisha waya, akarudia. Hakukutokea kijani.

KIJANA: Ukiona kijani ujue klorini imo. Bi, kibao cha nje tufanye cha akriliki. Jua haliiharibu upesi, na kingo zake zikikatwa kwa leza hutoka zinang'aa kama zimepigwa polishi. MDF, huo ubao wa nyuzi za mti na gundi, usikubali kuwekewa nje hata ukibembelezwa. Masika moja tu inafura kama mkate uliotiwa maji.

Hapa niseme langu. Wako vijana wanaoendesha mashine hizi kwenye vyumba vilivyofungwa, feni ya kutolea moshi imeelekezwa ukutani au haipo kabisa. Gundi ya MDF ina fomaldehidi, na moshi wake si wa kuvuta mchana kutwa. Mashine inayokata haiachwi peke yake hata kwa kwenda kununua maji, kwa kuwa plaiwudi kavu na mwale ule huwasha moto kwa kufumba na kufumbua. Tunapozungumzia kazi hii tunazungumzia bei na uzuri, na mapafu ya anayeifanya hayatajwi. Nilifurahi sana kuona bomba la kijana limetoboa ukuta na kupanda mpaka juu ya paa.

Mjadala wenyewe ulishika moto mzee alipokitazama kibao kilichokuwa kimetundikwa ukutani kama sampuli. Kilikuwa na ua la yungiyungi, mnyororo pembeni, samaki chini. Nakshi za milango yetu hasa.

MZEE: Huu ni mlango wa nani?

KIJANA: Niliupiga picha mtaani, ami, nikaufuatisha kwenye kompyuta.

MZEE: Umeufuatisha sawasawa, na umekufa. Nenda kautazame mlango wenyewe saa tatu asubuhi, kisha urudi saa kumi. Jua limehama, na ua limehama nalo. Lina tumbo, lina mgongo, lina kivuli chake. Lako kivuli chake ni masizi. Asubuhi masizi, jioni masizi.

KIJANA: Naweza kulipa tumbo, ami. Tazama hiki.

Alileta kipande cha matabaka matano ya plaiwudi, kila tabaka limekatwa dogo kuliko la chini yake, yote yamegandishwa. Unene wa milimita 15. Ua lilikuwa limenyanyuka kweli. Mzee alilipitishia kidole gumba polepole, kutoka katikati mpaka ukingoni, akarudia tena.

MZEE: Hii ni ngazi. Patasi inatelemka, wewe unashuka vidato.

KIJANA: Ninaweza pia kuamuru mwale uongeze na kupunguza nguvu, uchimbe kwa kutelemka. Lakini mti unabaki mkaa, na kuusafisha kwa brashi na msasa ni kazi ya kutwa.

MZEE: Sasa umekuja kwangu. Kazi ya kutwa ndiyo yangu.

BI: Mzee, na mimi niseme ukweli wangu. Ukinichongea wewe neno hili kwenye mninga nitangoja wiki, na bei nitaiweza mara moja katika maisha. Nina vyumba sita, kila kimoja kinataka namba, na kibao cha kuomba viatu viachwe nje, na cha saa za maji. Nikuletee wewe hayo?

MZEE: Usiniletee. Namba za vyumba nampa yeye, na sina kinyongo. Mimi sikuishika patasi ili nichonge saa za maji.

KIJANA: Halafu ami, hivi vyote tunavyoviita vyetu si vilikuja? Milango ya tao juu si ilikuja na mafundi wa Kihindi? Misumari ile ya shaba, msaji wenyewe, si vilipanda jahazi? Na hii leza ya gesi aliyeibuni mwaka 1964 ni Kumar Patel, mzaliwa wa Baramati, Bara Hindi, alipokuwa kwenye maabara za Bell huko Marekani.

MZEE: Kumbe. Kwanza wametupa tao, sasa wametupa moto. Lakini sikiliza. Lile tao tulipolipokea hatukulibandika tu. Tulilitia miimo yetu, tukalitia mfaa, tukaandika aya zetu kizingitini. Wewe umepokea mashine, na mchoro umeupokea nao kama ulivyo. Hapo ndipo ninapogombana nawe. Sina ugomvi na moto.

Mimi niko upande wa mzee kwa hili, moja kwa moja. Ukipita kwenye maduka ya mapambo utakuta mbao zilizokatwa maua ya nchi zenye theluji, miti ya misonobari, paa wa barafuni mwenye pembe kama matawi. Vimekatwa hapa, kwa umeme wa hapa, na kijana wa hapa, kutoka kwenye faili aliloliokota. Mashine haina kosa. Ingekata mkarafuu kwa uaminifu ule ule. Aliyeiendesha hakuombwa mkarafuu, wala hakujiomba mwenyewe auchore.

Na lipo jingine linaloniuma zaidi, la visanduku vya leza vinavyouzwa kwa wageni kwa jina la kazi ya mkono. Anayetaka kujua haimchukui muda. Mkato wa leza umeungua rangi moja, upana wake haubadiliki kutoka mwanzo mpaka mwisho, na ukiunusa unasikia moshi hata baada ya miezi. Patasi huacha alama zinazotofautiana, hapa mkono ulikaza, hapa ulilegea. Kuuza kimoja kwa jina la kingine ni wizi unaowaibia wawili kwa pamoja: mgeni aliyelipa, na fundi ambaye mgeni yule hatarudi tena kumlipa.

KIJANA: Mie siandiki kazi ya mkono. Naandika leza.

BI: Hilo nalishuhudia. Kwenye risiti yangu kaandika leza.

MZEE: Ahsante. Wachache.

Kisha kijana akasimulia jambo ambalo sikulitarajia. Skuli moja ilimpa kazi ya kutengeneza vibao vya milango kwa wanafunzi wasioona, kwa maandishi ya nukta nundu. Mara ya kwanza alichimba nukta kwenye akriliki, vishimo safi vilivyopangwa kwa kipimo. Mwalimu wao, naye haoni, alivipitishia kidole akavirudisha vyote. Kidole kinasoma kilima, hakisomi shimo. Ikambidi atoboe vitundu vidogo kwa leza na katika kila kitundu akandamize kishanga kinachonyanyuka juu kidogo. Kila herufi ina nafasi sita tu za nukta, safu mbili za tatu tatu. B ni nukta ya kwanza na ya pili. Ile ya pili ikishuka nafasi moja, herufi imeshakuwa K.

KIJANA: Nilihesabu kila kishanga, ami. Vibao 22. Sikumwachia mtu mwingine akiguse hata kimoja.

MZEE: Kwa hiyo nukta ya asiyeona umeihesabu mwenyewe, na nukta ya mwenye macho ukamwachia mdogo wako.

Karakana ilinyamaza. Kijana aliinamisha kichwa, na jirani yangu akawa anafuta vumbi la mbao kwenye buibui lake ambalo halikuwa na vumbi. Mzee hakumkandamiza zaidi. Aliomba penseli, akaokota bakio la plaiwudi sakafuni, akaligeuza upande msafi.

MZEE: Nukta zako ni za duara. Nani alikwambia nukta ni duara?

KIJANA: Faili lilikuwa hivyo.

MZEE: Kalamu ya khati imekatwa mshazari. Ukiikandamiza mara moja inatoa hiki.

Akachora doa la pembe nne, limesimama kwa ncha yake. Kisha akachora mengine chini yake, moja baada ya moja, yamegusana ncha kwa ncha, na pembeni mwao akashusha alifu moja kwa mkono mmoja. Alifu iliishia pale pale nukta ya mwisho ilipoishia. Hakupima.

MZEE: Nukta ni ratili ya neno. Alifu inapimwa kwa nukta, na herufi nyingine zinapimwa kwa alifu. Ukinipa nukta ya kibao, nitakwambia urefu wa kibao kizima. Wewe umeifanya iwe makombo.

Waandishi wa khati wanamtaja Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, kuwa ndiye aliyeiweka mizani hiyo. Mzee hakumtaja. Alijifunza kwa baba yake, ambaye pengine naye hakulisikia jina hilo, na mizani ikafika salama.

Akaendelea kuchora. Raa, haa, mimu, taa marbuta. Nukta mbili alizichora zimegusana kwa ncha, na chini ya neno lote akapitisha utepe wa majani ya mtende unaopanda upande wa kushoto mpaka ukazipokea nukta zile kwa nyuma, kama mkono ulioshika tende mbili. Neno halikuguswa. Pambo ndilo lililobeba. Kijana alikuwa amesimama nyuma yake bila kupumua.

KIJANA: Hii haitaanguka, ami. Hii ukikata inatoka kipande kimoja.

MZEE: Najua.

KIJANA: Nipe niipige picha.

MZEE: Ngoja kwanza. Mimi nikichonga mlango, nalipwa mlango mmoja. Ukiichukua hii utakata mara ngapi?

KIJANA: Sijui. Wakiipenda, mara mia.

MZEE: Na mimi nitakuwa nimechora mara moja.

BI: Hapo mzee ana haki. Mwenye mchoro apate chake kila kinapotoka kibao.

KIJANA: Sikatai, bi. Lakini nitaandikaje? Mtu akija Jumamosi kuna foleni, nakata hiki nakata kile, usiku sikumbuki.

BI: Mashine yako si ina kompyuta? Kompyuta haikumbuki?

Kijana alikiri kwamba inakumbuka: kila faili lililokatwa lina siku yake na saa yake. Walizungumza bei muda mrefu, na sitaitaja hapa kwa sababu hawakufikia mwisho. Mzee alitaka fungu kwa kila kibao. Kijana alitaka alipe mara moja, kiasi kikubwa, yaishe. Nilimuunga mkono mzee, na kijana akaniuliza kwa adabu kama mimi ninayelipwa kwa makala hulipwa kila makala inaposomwa. Sikuwa na jibu la kumtosha. Mpaka leo ninalitafuta.

Adhana ya magharibi ilipoanza, mzee aliinuka. Kibao cha jirani kilikuwa bado hakijakatwa. Bakio la plaiwudi lenye mchoro alilitia chini ya kwapa.

KIJANA: Ami, hukuniachia.

MZEE: Sitakuachia. Kesho baada ya laasiri njoo kwangu, na penseli iliyochongwa. Utazichora mwenyewe hizi nukta mpaka mkono wako uzijue. Bi, utaweza kungoja wiki?

BI: Nitangoja.